Nani Atamtua Regina

Mlango wa nyumba ya Athanas pale Mafiga ulikuwa mlango wa kawaida tu. Mtu mzima anapita wala hainamishi kichwa. Lakini mama yake, Bibi Regina, mfupi kama alivyo, kila akiufikia mlango ule alikuwa anasimama. Anapeleka mkono wa kulia juu ya kichwa, anashika hewa. Halafu anakunja magoti polepole, shingo imesimama wima, anapita, na akishafika upande wa pili ndipo ananyooka. Alipita hivyo kwenda uani, na alipita hivyo kurudi. Mkwewe Agnes alipomwona mara ya kwanza alidhani mama anafanya mzaha. Mara ya pili alikwenda jikoni akalia.

"Nina mzigo kichwani," ndivyo Bibi Regina alivyokuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayekwambia kwamba nje kuna mvua. Hakusema kichwa kinauma. Ukimwuliza kama kinauma anakwambia hakiumi, kimebeba. Na mzigo wenyewe aliujua. Ni tenga la kabichi, ukubwa ule ule wa matenga aliyokuwa akiyashusha kutoka mlimani Uluguru tangu matiti hayajamtoka. Mwanzoni zilikuwa kabichi kavu. Masika yalipoingia, zikalowa. Na sasa, alisema, kuna mtu ameongeza mawe.

Hospitali walimtoa damu, wakapima mkojo, wakampiga picha ya kichwa na ya shingo. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye adabu zake. Aliiinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha akamwonyesha mifupa yake mwenyewe.

"Unaona, bibi? Safi kabisa. Hamna kitu."

Bibi Regina akaitazama picha kwa makini. "Hii picha yenu, kwa juu imeishia wapi?"

Daktari akaweka kidole kwenye utosi. "Hapa."

"Basi mmekata pale pale mzigo unapoanzia."

Sista wa misheni alimpa dawa ya kuchua, akamwambia apumzike. Mganga mmoja wa kutoka Kisaki, ambaye Athanas alimleta kwa kificho, alisema kitu kipo ila ni jini la mtoni. Bibi Regina alimwona mwongo kuliko wote, maana hajawahi kusikia jini lenye uzito wa kabichi. Wengine wote walimalizia na neno lile lile: hamna kitu. Na neno hilo lilimlemea kuliko tenga lenyewe. Mtu akibeba, angalau aonekane amebeba. Yeye alilala ameketi, ameegemea ukuta, asije akamwaga. Ugali kwake ulikuwa kama udongo. Ikifika saa sita mchana, wakati wenzake wanatafuta kivuli, yeye machozi yanamtoka tu bila mtu kumgusa.

Athanas alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mtoto mzuri, mwenye kumjali mama yake hadi mwenyewe anakonda. Alimwuliza huyu akamwuliza yule, mpaka msimamizi wake akamwambia kwamba Dar es Salaam wako madaktari wa watu wa namna hiyo. Akaomba ruhusa, akapewa. Safari ni Jumatatu.

"Ni hospitali ya nini?" mama yake alimwuliza.

"Ya kichwa, mama."

"Kichwa cha nje au cha ndani?"

Athanas akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari. Hapo mama akaelewa. Anapelekwa wanakopelekwa vichaa. Aliwajua watu waliopelekwa huko wakarudi. Hata wakipona, jirani akiwataja anazungusha kidole kwenye paji la uso. Tangu siku hiyo Bibi Regina alikuwa na dua moja tu, asubuhi kwa rozari na jioni kwa rozari: mzigo huu ushuke kabla ya Jumatatu.

Sasa lazima ujue mizigo inavyoshuka ule mlima, maana bila hivyo hutaelewa yaliyotokea.

Tenga likijaa, mtu hajitwiki. Wanawake wawili wanalinyanyua, wewe unaingiza kichwa chini yake, na kata ya majani ya mgomba umeshaiweka utosini. Na ukishatwikwa, huwezi kujitua. Jaribu uone. Kabichi zitatangulia mtoni na wewe utazifuata. Kwa hiyo mwanamke wa mlimani anapotoka alfajiri na mzigo, anatoka akijua nani atamtua, na wapi. Huo ndio uliokuwa mpango wao wote. Vichochoro vya mawe, utelezi, baridi ya asubuhi, hayo ni madogo. La maana ni kwamba mbele huko kuna mikono inakungoja.

Mikono iliyomngoja Regina ilikuwa ya Semeni binti Pazi. Semeni alikuwa na nyumba yake pale njia ya mlimani inapovuka mto na kukutana na tambarare, karibu na kuingia mjini. Alipika uji wa mtama akawauzia wachukuzi, na kila tenga lililopita pale yeye ndiye alilitua na yeye ndiye alilitwika tena. Lakini la Regina lilikuwa na namna yake, kwa sababu ukoo wa Semeni na ukoo wa Regina ni watani. Mtani kwetu ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe, ana ruhusa ya kuchukua kuku wako akaenda zake, na ukifa ndiye anayekuja msibani kukuiga ulivyokuwa ukitembea na kukohoa, mpaka waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka. Na hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako.

"Punda wa Kikatoliki amefika," Semeni alikuwa akisema, akimwona Regina anatokeza kwenye kona. "Inama nikutue kabla hujafia mlangoni kwangu nikapata kazi."

"Nikifa utakula nini, wewe uliyejenga bondeni kwa uvivu wa kupanda mlima?"

"Nitakula hizi kabichi zako zenye viwavi. Inama, na usinipumulie."

Akamtua. Akachagua kabichi moja kwa haki ya utani, bila kuomba wala kushukuru. Akampa kikombe cha uji. Wakatukanana mpaka uji ukaisha, akamtwika, na Regina akaingia sokoni na shingo nyepesi kama ya msichana. Miaka ilikwenda hivyo. Waume walikufa, watoto wakaoa, bendera ikabadilishwa, uji ukapanda bei, wao bado wanatukanana.

Halafu ikaja Operesheni. Watu wa bondeni waliotawanyika walihamishwa kwenda kijiji kipya upande wa Mikese, kando ya barabara kuu, penye shule na bomba la maji. Semeni akapakiwa kwenye lori na sufuria zake, mchi wake na kuku wake. Huko juu mlimani hawakuhamishwa, lakini haukupita muda kijiji kikapata gari la ushirika la kubeba mboga, likawa linapandia barabara mpya mpaka linapofika. Viongozi wakawaambia akina mama wazee, sasa pumzikeni, mmebeba vya kutosha. Bibi Regina akapumzika. Na katika kupumzika huko ndiko mzigo ulikoanza kumlemea, siku hadi siku, mpaka ikabidi vijana wamshushe mjini kwa machela. Njia nzima aliwaomba radhi kwa uzito, na wao wakitazamana, maana alikuwa mwepesi kama kifaranga.

Muuza ndizi mmoja aliiona ile machela ikishuka. Juma lililofuata alikuwa Mikese, akasimulia. Aliyesimuliwa akamsimulia mwingine. Na unajua machela ilivyo. Mtu akisikia fulani kashushwa kwa machela, haulizi mengi. Habari ilipomfikia Semeni binti Pazi, Regina alikuwa amekufa na kilio kiko Mafiga kwa mtoto wake.

Basi Jumamosi mchana, Agnes anapepeta mchele uani, akasikia kilio kinatoka barabarani. Si kilio cha kawaida. Kilikuwa kilio chenye matusi ndani yake.

"Uuuwi Regina, mchoyo mkubwa wewe, umekufa bila kuniaga. Umekwenda mbinguni kuwabana watu wema waliotulia. Nani atakubeba huko, na miguu yako ile kama michi?"

Agnes akatoka mbele. Akamwona mama mmoja mfupi mpana, amevaa kaniki ndani nje na koti la kiume juu yake, kata ya majani ya mgomba kichwani, mchi begani kama bunduki ya mgambo. Majirani walikuwa wameshatoka. Redio ya nyumba ya pili ilikuwa inapiga wimbo wa kusifu kilimo, mtu akaizima.

"Karibu, mama," Agnes akasema, mikono ingali na pumba. "Shikamoo. Unatafuta msiba wa wapi?"

"Marahaba. Wa hapa kwa Athanas. Kwani si hapa? Na wewe ndiye mke? Mwembamba hivyo, ndiyo maana mkweo amekufa. Ulimlisha nini, harufu?"

"Mama hajafa."

"Usinifiche, mwanangu. Mtani hafichwi maiti. Nionyeshe alipolala nimtukane vizuri."

Agnes alikuwa mtu wa Mahenge, na utani wa msibani aliujua tangu utoto. Lakini utani wa msibani bila msiba hajawahi kuuona, wala hakujua mtu anaukaribisha vipi. Mzee Lukasi, mjumbe wa nyumba kumi, akaja haraka akifunga vifungo vya shati.

"Ndugu," akasema, "huu unaofanya ni uchuro. Ndani mle kuna mgonjwa, mzima, anapumua. Huwezi kumlilia mtu anayepumua."

Semeni akashusha mchi. "Ndugu mjumbe, mimi nimetoka Mikese juu ya lori la mkaa, nimekaa kwenye magunia, tazama nguo zangu. Nimeacha mtama wangu unaliwa na ndege. Kama hajafa, niambie nani ananilipa kilio hiki, maana nimeshatoa kingi."

Watu wakaanza kucheka kwa kuficha vinywa. Mzee Lukasi akarudia vifungo vya shati lake.

Hapo ikasikika sauti kutoka ndani, kavu, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

"Nani huyo ananizika kwa sauti ya chura?"

Mchi ukamponyoka Semeni. Kwa muda kidogo hakuwa mtani wa mtu yeyote, alikuwa mama mzee tu aliyesafiri kuja kumzika rafiki yake. Akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Yuko hai," akasema polepole. "Mshenzi yule yuko hai."

Bibi Regina akatokea mlangoni. Akasimama. Akapeleka mkono juu, akashika hewa, akakunja magoti, shingo wima, akapita, akanyooka. Majirani wote wakageuza macho. Huyu akatazama kuku, yule akatazama paa. Athanas, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika kutoka kazini na baiskeli yake, akainamisha kichwa kwa aibu, si kwamba anamwonea mama yake haya, bali hakutaka mgeni aone.

Semeni hakugeuza macho. Alimtazama toka kisigino. Alitazama magoti yalivyokunjika, akatazama mkono ulivyoshika, na ulishika kwa kimo gani. Mwendo ule aliuona miaka yote akiwa na mwiko mkononi, na asingeusahau hata akipofuka. Akamsogelea.

"Nani kakutwika?" akauliza. Wala hakuwa anafanya utani.

Bibi Regina akamtazama. Walikuwa wamemwuliza linapouma, anakula nini, analala saa ngapi, ana ugomvi na nani. Hili hakuna aliyemwuliza.

"Magdalena, mtoto wa kaka yangu. Yeye na wenzake, kule juu."

"Lini?"

Hapo alilazimika kufikiri. Akafikiri amesimama, mkono bado uko juu.

"Siku niliyokuta nyumba yako haina paa."

"Ukatuliwa wapi?"

"Sikutuliwa." Akaurekebisha mzigo utosini. "Nilifika kwenye kona, nikasema leo atanitukana kwa kuchelewa. Nikaona kuta tupu. Nikadhani uko shambani. Nikakuita. Nikakutukana kwa sauti, nikakutukana mpaka na marehemu mama yako, nikisema hili hatalivumilia, atajibu. Akajibu kuku mmoja waliyemsahau. Wenzangu walikuwa nyuma mbali, mimi nikaona nikisimama zaidi shingo itakatika. Nikaenda hivyo hivyo mpaka sokoni. Kule mtu mmoja akanivuta tenga kwa nyuma bila hata salamu, na nilipogeuka alikuwa ameshanipa mgongo, anagawa kabichi. Tenga nililiona liko chini, Semeni. Lakini uzito ulibaki. Ningemwambia nani?"

Mzee Lukasi alikuwa ameacha kufunga vifungo katikati.

"Lile lori lilikuja asubuhi," Semeni akasema. "Nilimwambia yule kijana mwenye karatasi, ndugu, subirini kidogo, kuna punda wangu anashuka leo, nimtue kwanza. Akaniambia, mama, serikali haisubiri punda."

Bibi Regina pembe ya mdomo ilimcheza, lakini hakucheka. Mtu mwenye mzigo hacheki ovyo.

"Shikamoo, mama Semeni," Athanas akasema kwa upole, akiegemeza baiskeli. "Mama hana mzigo. Tumezunguka hospitali, wamempiga picha, wamesema kwamba..."

"Marahaba. Nyamaza, mtani, na wewe ni wa ukoo huo huo, nitakuchukulia baiskeli. Umeshawahi kumtua mama yako hata siku moja?"

"Hapana."

"Basi pisha."

Akachukua kanga ya Agnes kwenye kamba akaitandika chini, akaibana pembe kwa vijiwe. Akasimama mbele ya Regina, akanyoosha mikono miwili akashika hewa, huku na huku, kwa upana wa tenga. Akajaribu kunyanyua. Uso ukamkunjamana, akaguna, akaacha.

"Peke yangu siwezi. Ameweka na mawe. Mjumbe, njoo shika upande huu."

Mzee Lukasi akatazama majirani, majirani wakamtazama yeye. "Nishike wapi?"

"Shika tenga, mzee. Au na wewe umepigwa picha?"

Mzee wa watu akanyoosha mikono.

"Juu kidogo. Hapo umeshika hewa. Haya, hapo ndipo. Regina, inama. Na usinipumulie."

Bibi Regina akakunja magoti. Ukawa unashuka kidogo kidogo, Semeni akihema, Mzee Lukasi naye akihema bila kujua kwa nini, kijasho kikimtoka kweli.

"Taratibu," Bibi Regina akasema ghafla. "Njegere ziko juu, zitamwagika."

"Ungeniambia mapema. Mjumbe, usiinamishe upande wako. Unainamisha. Hao ndio viongozi wetu. Shusha, shusha, shusha. Aaa, kidole changu."

Likatua. Semeni akaruka kwa mguu mmoja, ameshika kidole gumba, anamtukana mjumbe, na mjumbe, mtu wa heshima zake, mwenye kadi ya chama mfukoni, akajikuta anasema, "Samahani, ndugu, liliteleza." Hapo watu wakashindwa kuzuia kicheko. Mama mmoja alikaa chini kabisa.

Semeni hakucheka. Alichuchumaa akaanza kupakua. "Hii kabichi imeliwa na viwavi."

"Hiyo ni ya juu. Tazama za chini," Bibi Regina akasema, na yeye mwenyewe akachuchumaa.

"Za chini zimeoza. Umekaa nazo mwaka mzima kichwani, ulitegemea nini? Na hili jiwe?"

"Hilo ni lako. La jikoni kwako, la mafiga. Uliliacha."

"Na hili?"

"Lako pia."

"Yaani umenibebea jiko langu lote?" Semeni akamtazama. "Umetembea na jiko langu kichwani, halafu wanasema wewe mgonjwa. Wewe si mgonjwa. Wewe ni mwizi."

Kicheko kilianzia tumboni kwa Bibi Regina. Kilipanda kama maji yanayochemka na mfuniko juu, akajaribu kukizuia kwa kanga, kikamshinda. Akacheka mpaka akaketi kwa matako kwenye vumbi, akacheka machozi yakimtiririka, na saa ilikuwa ile ile ya mchana aliyokuwa akilia. Na Agnes, ambaye alikuwa hajaondoa macho kwake, aliona shingo ya mkwewe inalegea, inalala upande, inaangukia kwenye bega la lile koti la kiume lenye vumbi la mkaa, na inabaki hapo.

"Mama," Agnes akasema, "kichwa."

"Kimefanya nini?"

"Umekilaza."

Bibi Regina akapeleka mkono juu kutafuta tenga. Mkono ukapita, ukapita tena, ukashukia kwenye nywele zake nyeupe. Akazipapasa kama mtu aliyekuta kitu chake alichokitafuta muda mrefu.

Mtani aliyekuja msibani haondoki mikono mitupu, hata kama maiti amekataa kufa. Semeni alimkamata jogoo wa Athanas kwa haki yake, na kwa kuwa alikuwa amechoka, hataki kusafiri naye, akaamuru achinjwe pale pale. Wakala majirani wote. Mzee Lukasi alipewa paja kwa kazi ya kubeba. Semeni akamwiga Regina anavyopita mlangoni, na kwa aliyosimuliwa na Regina akamwiga daktari na picha yake, akamwiga Athanas anavyofunga viatu vilivyofungwa, na Athanas akacheka kuliko wote, maana alikuwa hajacheka muda mrefu naye. Usiku ule Bibi Regina alilala chali, kando ya Semeni, akikoroma. Semeni alipolalamika asubuhi kwamba hakulala, Agnes alimkatia nyama ya pili.

Jumatatu Athanas aliamka na begi la safari, hajui afanye nini nalo. Mama yake alikuwa mlangoni. Akapita wima. Akarudi ndani, akapita tena. Akapita mara nyingine, kama anayejaribisha nguo mpya.

"Ruhusa umepewa ya siku ngapi?" akamwuliza mwanawe.

"Juma zima."

"Basi nipandishe mlimani kwangu. Huko Dar utakwenda siku nyingine, ukiumwa wewe."

Akampandisha. Na tusidanganyane, mzigo ulirudi. Haukurudi wote. Mvua ikinyesha mfululizo, Bibi Regina akikaa ndani na watu wakimwambia mama pumzika, mama usiinue, anauhisi unajijenga utosini, jani moja moja. Lakini sasa alikuwa anajua la kufanya. Hakumwambia daktari wala sista. Alimwita Magdalena.

"Nitafutie tenga dogo."

"Shangazi, gari la ushirika si lipo?"

"Gari lina mikono ya kunitua? Weka njegere, weka na kabichi mbili, ile nzuri na ile yenye viwavi. Nitwike."

Akashuka mlima kwa miguu yake, polepole, akipumzika kwa kuegemea mawe bila kutua. Pale kwenye kivuko cha mto alipita kuta za nyumba ya Semeni, majani yameshaota ndani, na hakusimama. Mjini alipata gari la Mikese. Kondakta akataka kumshusha tenga aliweke juu ya gari. Akakataa, akaketi nalo kichwani hadi abiria wa nyuma akasema ni kama anasafiri na kanisa mbele yake.

Kijiji kipya kilikuwa kimepangwa vizuri, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, nyumba zote sura moja, milango yote imeangalia upande mmoja. Mgeni hapo hajui aanzie wapi. Mama mmoja wa nyumba ya kwanza alipomwona kizee na tenga alikuja mbio, mikono mbele.

"Shikamoo, bibi. Lete nikutue."

"Marahaba, mwanangu. Asante sana. Hili lina mwenyewe."

Akasimama katikati ya ile barabara iliyonyooka. Akavuta pumzi.

"Yuko wapi yule mvivu," akapaza sauti, "aliyeukimbia mlima mpaka akapandishwa lori na kuku wake? Semeni binti Pazi, mwenye sauti ya chura, toka nje, wenye vyao wamefika."

Milango ikafunguka mstari mzima. Watoto wakachungulia. Mzee mmoja akauliza kama kuna mkutano. Halafu, mbali kule mstari wa tatu, karibu na bomba, kitu kama sufuria kikaanguka, na sauti ikajibu bila hata mtu kuonekana:

"Nani kamfungulia punda wa Kikatoliki?"

Bibi Regina hakucheka. Aliushika mzigo kwa mkono wa kulia, akaifuata ile sauti mstari kwa mstari, na Semeni akatokea kwenye kona, kaniki imefungwa vibaya, mwiko mkononi, unga wa mtama umemjaa usoni. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Mikono miwili ikapanda, ikashika tenga huku na huku.

"Umechelewa," Semeni akasema.

Bibi Regina akakunja magoti.